Kodi ya Pango Si Deni

Nordvang, 15 Septemba 1994

Kaka Merlyn,

Barua hii ikukute mzima, na jua la Arizona liwe halijakukausha ukawa kama samaki wa kuning'inizwa. Huku tu wazima, ila goti langu la kushoto huuma kila hali ya hewa inapobadilika, na hapa unajua hubadilika kati ya kahawa ya asubuhi na kahawa ya saa nne. Ngano imeingia ghalani. Jirani yetu Gaylord Brandvold amevuna kuliko mwaka wowote, na analalamika kuliko mwaka wowote.

Nyumba ya baba ni salama. Ninavuka barabara kila asubuhi kuifungulia madirisha, nikipika kahawa kwenye jiko la mama ili isinuke upweke.

Sasa nije kwenye jambo. Mwezi wa kumi na moja jimbo letu linapiga kura juu ya Pendekezo la Tatu. Najua gazeti la kaunti linakufikia huko, lakini najua pia kwamba unaanza na matangazo ya vifo ukaishia hapo. Kwa sheria ya sasa, wilaya ya shule hairuhusiwi kuwa na mkopo unaozidi asilimia tano ya thamani ya ardhi na majengo yaliyomo. Pendekezo linasema iwe kumi. Siku hiyo hakuna anayekopa hata senti. Baada ya hapo wilaya ikitaka kukopa, bado itarudi kwa wananchi kuwaomba kura nyingine. Kwa hiyo ni ruhusa ya kuomba ruhusa, Merlyn, wala si zaidi.

Sisi tulishagota kwenye kikomo tuliponunua boila, na paa la shule linavuja. Nimo kwenye bodi ya shule, kwa hiyo usishangae kusikia kwamba nimesimika bango la NDIYO mbele ya nyumba yangu. Bado unapigia kura huku kwa posta. Nakuomba, mara moja tu maishani mwako, usubiri kidogo kabla ya kusema hapana.

Dada yako,
Ardis


Mesa, Arizona, 27 Septemba 1994

Ardis, mdogo wangu,

Salamu zako zimefika na samaki mkavu anazirudisha. Afya yangu ni njema. Asubuhi naogelea, mchana tunacheza mchezo wa kusukuma visahani, jioni jirani yangu Maxine huleta pai ya cheri ambayo, niseme ukweli, inaishinda ya mama. Usimwambie mtu wa kanisani nimesema hivyo. Maxine ni mjane kutoka Iowa. Ni jirani tu.

Kuhusu Pendekezo la Tatu: hapana. Sikusubiri. Karatasi ya kura ilifika Jumatatu, na Jumatatu hiyohiyo nikaitumbukiza kwenye sanduku la posta. Kukopa harusi, kulipa matanga. Baba alilima miaka arobaini na hakuwahi kuvuka mlango wa benki ila kuomba kalenda ya bure. Ukimpa mtu kikomo cha tano atatumia tano, ukimpa kumi atatumia kumi, kisha atakuja kukuuliza kwa nini si kumi na tano. Hayo nimeliandikia gazeti la kaunti, na mhariri amenijibu kwamba atayachapisha ukurasa wa pili.

Paa la shule limesimama miaka mingi. Litavumilia.

Jambo langu ni hili. Nyumba ya baba tuiuze. Iko wazi, inakula kodi, nawe goti lako halifai kuvuka barabara kwenye barafu. Nusu yangu nina matumizi nayo huku. Usiniulize matumizi gani.

Kaka yako,
Merlyn


Nordvang, 12 Oktoba 1994

Kaka Merlyn,

Tunamshukuru Mungu tunapumua. Shangazi Borghild ametimiza miaka tisini na tatu. Kwenye sherehe yake alikula vipande vinne vya lefse, ule mkate bapa wa viazi, kisha akauliza nani amekufa. Barua yako gazetini imesomwa. Gaylord ameikata na kuibandika kwenye duka la vipuri, na watu husimama mbele yake kama mbele ya Amri Kumi.

Ulisema paa litavumilia. Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha, alfajiri ikageuka theluji nzito ya majimaji, na paa la darasa la kwanza na la pili likashuka mpaka kwenye madawati. Kwa kuwa ilikuwa Jumamosi hakukuwa na mtoto ndani. Mwalimu wao, Kjersten Moe, binti wa miaka ishirini na minne, alikuja akasimama mlangoni akiwa amevaa viatu vya kanisani. Alitazama kabati la vitabu lililolala chini ya zege, akasema, "Jumatatu wangekuwa wameketi pale kwa hadithi."

Darasa la pili limebanwa pamoja na la tatu. La kwanza wamepata mahali. Ni pa joto, pana jiko, na wanafurahi.

Kuhusu kuuza nyumba, wakati huu haufai. Na hebu nikuulize: karatasi yako ya kura inakuja kwa anwani gani? Uliapa mbele ya karani wa kaunti kwamba makazi yako ni nyumba ya baba na kwamba unakusudia kurudi. Ukiiuza, utapigia wapi hizo hapana zako?

Ardis


Mesa, 24 Oktoba 1994

Ardis,

Namshukuru Mungu hakuna mtoto aliyeumia. Maxine alilia nilipomsomea barua yako, na Maxine si mtu wa kulia.

Hata hivyo, paa kuanguka wiki nne kabla ya kura ni jambo linaloufaa sana upande mmoja. Sisemi zaidi. Nimeliandikia gazeti na huko ndiko nimesema zaidi.

Sasa gazeti la wiki jana limenifikia. Ukurasa wa kwanza kuna picha: watoto wa darasa la kwanza wanakunywa supu mezani, na nyuma yao ukuta una karatasi yenye majogoo wekundu. Nimeitazama picha hiyo kwa miwani, kisha kwa kioo cha kukuzia cha Maxine. Wanawake wengi wa kaunti walinunua karatasi ya majogoo mwaka ule mama alipobandika yake jikoni, najua. Lakini jogoo wa tatu kutoka dirishani hana kichwa, na kichwa chake nilikichoma mimi kwa pasi nikiwa na miaka minane.

Watoto hao wako wapi, Ardis?

Merlyn


Nordvang, 10 Novemba 1994

Kaka Merlyn,

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa nahesabu kura, na nilikuwa sitaki kujibu.

Wako kwa baba. Watoto kumi na saba. Sebuleni ndiko wanakojifunza kusoma, jikoni wanafanya hesabu kwa maharage, na chumba chako cha juu ni cha hadithi kwa sababu kina zulia. Ile picha yako na samaki mkubwa bado imetundikwa ngazini. Binti mmoja, Tawny Schatz, aliuliza wewe ni nani. Kabla sijajibu mwenzake akasema, "Ni Mzee Samaki, ndiye mwenye nyumba." Sasa kila asubuhi wakipanda ngazi wanakuamkia kwa mstari: "Habari za asubuhi, Mzee Samaki!" Sikukuomba ruhusa kwa kuwa nilijua ungesema hapana kwa posta ya siku hiyohiyo.

Pendekezo limeanguka. Jimbo zima limelikataa, na hapa Nordvang tumelikataa vibaya zaidi kuliko jimbo. Umeshinda, pongezi. Sasa sikiliza jinsi washindi wenzako walivyo. Asubuhi baada ya kura Gaylord alikuja na trekta, bado ana kibandiko cha HAPANA kofiani, akashusha kuni za msimu mzima mlangoni kwa baba. Eunice, mkewe, alileta sinia tatu za viazi na nyama ya kusaga. Mzee Dwight wa duka la vipuri alileta viti kumi na saba vidogo alivyovipigilia mwenyewe. Nikamwuliza, "Dwight, ulipigaje kura?" Akanitazama kama nimemwuliza habari za chupi yake. "Hapana, bila shaka. Kwani watoto hawa wanahusianaje na mikopo?"

Nilitaka kumpiga na kiti.

Na kwa kuwa nimekasirika, acha niseme tulichokaa miaka thelathini na mitatu bila kukisema mezani. Katika nchi hii ya theluji, ambapo hata banda la kuku lina mteremko, nani aliijengea shule paa bapa kwa sababu ni rahisi zaidi? Nani alikuwa mwenyekiti wa bodi, kama si wewe?

Ardis


Mesa, 19 Novemba 1994

Ardis,

Kuhusu paa sina la kusema.

Kuhusu nyumba ninalo. Nusu ni yangu. Nimezungumza na Bwana Pruitt, wakili mstaafu ninayecheza naye visahani, naye amenifumbua macho. Wilaya haiwezi kukopa kwa sababu ya kikomo. Lakini kodi ya pango si deni! Kikomo hakiihusu hata kidogo. Wilaya inaweza kupanga nyumba na kulipa pango kila mwezi mpaka Yesu arudi, na hakuna haja ya kura ya mtu yeyote.

Kwa hiyo nimeiandikia bodi rasmi, pamoja na mkataba aliouandika Pruitt. Wakitaka kukaa, walipe pango kama wapangaji wengine, nusu kwako, nusu kwangu. Nimetaja kiasi. Pruitt alisema niongeze kidogo, nikaongeza.

Usiniite mchoyo. Nimewapa njia ya kutunza watoto bila kukopa. Watu kama mimi ndio wanaoinusuru nchi.

Merlyn

Nb. Tawny Schatz ni mjukuu wa Orrin Schatz? Mwambie yule samaki alikuwa mkubwa kuliko anavyoonekana pichani.


Nordvang, 9 Desemba 1994

Kaka Merlyn,

Shangazi Borghild anakusalimu na kuuliza kama umekufa. Theluji imefika madirishani. Goti langu limekuwa la mti.

Bodi ilikaa Jumanne. Kwa kuwa mimi ni mwenye nyumba, nilitolewa nje wakati wa kujadili ombi lako, nikaketi koridoni kwenye kiti cha mtoto na kusikia kila neno, maana milango yetu nayo tuliinunua rahisi. Karani alieleza kwamba pango uliloomba, kwa miaka sita tu, litapita gharama ya kujenga paa jipya. Kisha nikamsikia mwenyekiti akiuliza, "Lakini si mkopo?" Karani akajibu, "Si mkopo." "Basi nani anaunga mkono?" Wote wanne. Makofi yakapigwa, Merlyn. Watu waliokataa kukopa fedha za paa wamekubali kulipia paa wasilolipata, na wakaenda kunywa kahawa wakiwa wametulia kama waliotoka kwenye Meza ya Bwana.

Mimi nimejiuzulu. Mwanasheria wa kaunti amesema siwezi kuwa kwenye bodi na kuwa mwenye nyumba wa bodi. Nilikuwa naipenda kazi ile.

Lakini usifungue chupa bado. Nyumba ikishapangishwa kuwa shule, lazima ikaguliwe kama shule. Jana mkaguzi wa majengo alikuja, kijana mpole sana. Anataka mlango wa pili wa kutokea, ngazi ya nje ya kukimbilia moto kutoka chumba chako, njia ya mteremko kwa kiti cha magurudumu, waya za umeme zibadilishwe zote, na vyoo viwili vya kimo cha mtoto. Nikamwuliza nani analipa. Akafunua mkataba ulioandikwa na rafiki yako Pruitt, akaweka kidole: "Mwenye nyumba." Mimi nusu yangu nitaitoa kwa kuuza lile shamba dogo la kaskazini. Wewe?

Mpaka Januari tarehe tisa viwe tayari. La sivyo, watoto wanatoka, na hakuna pengine pa kuwaweka.

Ardis


Mesa, 20 Desemba 1994

Ardis,

Krismasi njema. Sina akiba ya kutosha. Nyumba hii ya magurudumu nililipia taslimu, na kilichobaki nilikuwa nimekiweka arubuni ya nyumba kubwa zaidi, ya watu wawili. Usiniulize wawili gani.

Nilimwambia Maxine kwamba nitaiandikia wilaya ivunje mkataba, watoto wahamie kwingine. Maxine aliweka uma mezani, akaniuliza, "Wahamie wapi, Mzee Samaki?" Barua zako ananisomea yeye siku hizi, macho yangu si mazuri.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilivaa tai nikaenda benki. Binti aliyenihudumia hakuwa amezidi miaka ishirini na mbili. Akaniuliza kama nimewahi kukopa. Nikasema hapana, sijawahi, wala baba yangu. Akatikisa kichwa kwa huzuni na kuniambia kwamba hilo ni tatizo: kwa kuwa sijawahi kukopa, hakuna anayeweza kujua kama ninalipa. Nina miaka sabini na nne, Ardis, nimeuza ngano maisha yangu yote, na mtoto yule ananiambia mimi ni mtu asiyejulikana.

Mwishowe wamenipa. Nilitia sahihi. Mtu asijue huko nyumbani.

Nakuja mwenyewe kusimamia, kwa sababu fundi bomba wenu, kama ni yuleyule, aliwahi kuunganisha bomba la maji moto kwenye choo cha kanisa. Nitalala kwako. Wewe njoo huku, upumzishe goti. Funguo ziko kwa Maxine.

Merlyn


Nordvang, 26 Februari 1995

Ardis, mdogo wangu,

Natumai goti limelegea na Maxine hakushindilii pai kupita kiasi. Hapa ni baridi ya kupasua mti. Nilikuwa nimesahau kwamba pua ina nywele.

Vyoo vilikamilika siku mbili kabla ya tarehe tisa aliyotuwekea mkaguzi. Ni vidogo kiasi kwamba nilipoketi kukijaribu kimoja, ilibidi Gaylord anivute. Ngazi ya nje imesimikwa na tumewafanyisha watoto zoezi la moto. Tawny Schatz alikataa kushuka mpaka nishuke mbele yake. Nikashuka, kwa matako, kwenye theluji, mbele ya mkaguzi.

Nakwenda pale kila siku. Mwalimu Moe alinipa kazi ya kuwasikiliza watoto sita wasomao polepole. Kuna mvulana, Lyle, ambaye wiki zote hizi alikuwa akikisia maneno kwa kutazama picha. Alhamisi nilifunika picha kwa kiganja. Akakasirika, akanitazama, akatazama neno, akasoma "farasi." Akasoma tena kwa sauti ya juu kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa sijui. Nilitoka kwenda kukagua boila. Boila halikuwa na tatizo lolote.

Sasa nina jambo. Wilaya inanilipa pango, pango linaiendea benki, benki inakula riba, na mwisho wa yote shule bado haina paa. Nimelipigia hesabu mezani kwako mara tatu, na kila mara mpumbavu anayetokea chini ya mstari ni mmoja. Kwa hiyo nimeanza kukusanya sahihi, Pendekezo lirudishwe kwenye kura ijayo. Nilianzia kwa Gaylord, nikidhani kuvutwa chooni kumetufanya ndugu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akarudi na barua yangu ya gazetini, akanisomea yote akiwa amesimama kizingitini, na baridi ile. "Kukopa harusi, kulipa matanga," akasema. "Sijawahi kusikia maneno ya busara kama haya. Usiku mwema, Merlyn."

Nina sahihi kumi na moja. Nne ni za watu wa familia ya Schatz.

Je, Maxine ananiulizia?

Kaka yako,
Merlyn


Mesa, 14 Machi 1995

Kaka Merlyn,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimeketi kibarazani, miguu ndani ya beseni la maji baridi. Goti limepona kabisa. Sijui niseme nini juu ya hilo ila kwamba nilicheza dansi Jumamosi, na Bwana Pruitt ana miguu myepesi kwa mtu anayeandika mikataba mibaya hivyo.

Maxine anakuulizia. Ameniambia ulimchumbia mara mbili na mara mbili alikukataa, kwa sababu mtu asiyekubali kudaiwa chochote na yeyote, alisema, anachosha kuishi naye. Nilipomsomea habari za vyoo na za Lyle, aliniomba namba ya simu ya nyumbani kwangu. Ukisikia simu inalia Jumapili, pokea. Usianze kwa kuzungumzia riba.

Msimamizi wa makazi haya alisema nikikaa ninaweza kujiandikisha kupiga kura, nami nimejiandikisha. Jumanne ijayo kuna kura ya hapa. Wilaya ya shule ya upande wa pili wa barabara kuu inaomba kukopa, madarasa yao yamejaa, watoto wengine wanasomea kwenye makontena. Jana walikuja mama wawili vijana kutuomba kura, wakiwa wameloa jasho. Wazee wote wa kwenye bwawa la kuogelea wamesema hapana kabla hawajamaliza salamu. Pruitt amesema hapana. Mmoja wa wale mama akanigeukia, nadhani kwa sababu mimi ndiye pekee niliyemwangalia usoni, akauliza, "Na wewe, bibi?"

Merlyn, kodi ya huku ni ndogo mno, na ni tamu. Watoto wenyewe siwajui hata mmoja kwa jina. Nilimwambia nitafikiria. Mimi, Ardis, niliyetaka kumpiga Dwight na kiti, nilimwambia hivyo na kurudi majini.

Usinijibu kwa barua, haitafika kabla ya Jumanne. Nipigie.

Ardis